Begi Moja kwa Kila Mtu

9 Machi

Jirani wa Mama kanipigia simu asubuhi, nina pasi mkononi. Birika tena. Mama aliliweka jikoni, akaenda kwa jirani kuazima chumvi, wakapiga soga, na kilichowashtua ni moshi. Mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo. "Usimwambie kama ni mimi niliyekwambia," jirani akasema, "atanichukia."

Nimeunguza kola ya shati. Mwenyewe ni yule karani anayekagua mpaka vifungo. Nitamwambia ukweli, kwamba mimi na mama yangu tumeunguza siku moja.

10 Machi

Nimemwambia Baba Kasuku twende tukamchukue. Hakubisha. Kazi yake ni kutengeneza majokofu, amezoea kusikiliza kitu kinavyonguruma kabla hajasema kibovu ni wapi. Mwishowe akasema, "Mama yako hatoki pale hata kwa trekta." Nikamwambia hatatolewa, ataombwa. Akaniangalia kwa jicho la mtu anayejua mke wake huomba vipi.

Chumba cha watoto kina nafasi ya kitanda cha tatu. Nimepima kwa hatua zangu mara mbili, kana kwamba ukuta ungesogea.

14 Machi

Mpango ni huu. Shule zikifungwa tunaondoka wote wanne, kama watu wanaotembea likizo. Hatuwezi kupita njia ile bila kuwaamkia ndugu, watasikia tu, na ndugu akisikia umempita mlangoni hakusamehei mpaka kaburini. Kwa hiyo tutalala kwa Kaka, tutalala kwa Wifi, tutalala kwa Shangazi, kisha kwa Mama. Kurudi ni moja kwa moja, kabla mvua haijakolea na lile daraja la chini halijazama.

Kuhusu Mama hatumwambii mtu. Kaka ndiye mkubwa wetu. Akisikia ataitisha kikao, kikao kitazaa kikao, na siku tutakapokubaliana daraja litakuwa chini ya maji na Mama yuko upande wa pili na birika lake.

15 Machi

Sheria: begi moja kwa kila mtu, na begi lenyewe lile la mkononi. Gari letu lina viti vitano. Kiti cha tano ni cha Mama, na nusu ya buti ni ya vitu vyake. Nimeitangaza sheria mezani nimesimama.

Baba Kasuku alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nyumbani kwetu jina langu ni Kontena. Kaka alinipa tangu nilipokwenda kulala kwa rafiki yangu usiku mmoja na masanduku mawili, na halijafutika. "Leo Kontena ndiye anatufundisha begi moja," mume wangu akasema. Acheke. Mimi ni dobi, kukunja nguo ndiyo kazi yangu. Tatizo langu halikuwa kukunja, ni kuacha.

19 Machi

Mvua ya kwanza. Nguo za wateja zimeingia ndani na kutoka siku nzima.

22 Machi

Jaribio la kwanza la kufunga mizigo. Kimya, mtoto wetu mkubwa, amefunga begi lake bila neno, limelala kitandani limenyooka. Mdogo wake Kasuku amepakia mdoli, blanketi la mdoli, na kiatu kimoja. Nikamuuliza kingine kiko wapi. "Kitakuja na Kimya." Mimi mwenyewe nimetoa gauni la bluu, nimelirudisha, nimelitoa. Halafu nimegombana na Baba Kasuku kwa ajili ya boksi lake la spana. Anasema gari likizima njiani nitalisukuma na gauni la bluu? Boksi linakwenda.

25 Machi

Nimempigia Mama. Ameniuliza watoto wanafunga shule lini. Nimemjibu. Tukaongea bei ya sabuni, akaniuliza watoto wanafunga shule lini.

28 Machi

Tumeondoka. Mvua tangu alfajiri. Kasuku ametaka kujua kiti kilichobaki katikati yao ni cha nani. Baba yake akamjibu, "Cha upepo." Hatujawaambia watoto. Kimya angeweza, lakini Kasuku hajawahi kutunza siri hata ya peremende.

Tuko kwa Kaka. Ametupokea vizuri, na ametazama mabegi yetu manne yakishushwa kama mtu anayesubiri lori lililo nyuma. "Kontena, mzigo uko wapi?" Nikamwambia nimeokoka.

29 Machi

Nimeamka na uamuzi wa kumwambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karakana yake ya useremala imejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi zake. Nikasema, "Kaka, kuhusu Mama." Akasema, "Ngoja, kwanza njoo uone." Akafunua turubai.

Kiti. Kiti cha kuegemea, mikono mipana, mgongo umelala kidogo nyuma, kimesuguliwa mpaka kinateleza. Amekitengeneza mwezi mzima baada ya kazi, kwa sababu Mama alimwambia mgongo unamuuma akikaa kwenye kile kigoda chake mlangoni. "Mpelekee," akasema. "Nimeona mna nafasi."

Ningesema nini? Hiyo nafasi ni ya Mama mwenyewe? Nilisema kizuri sana, asante. Kwenye buti hakikuingia. Kimekaa kiti cha nyuma katikati ya watoto, Kaka amekifunga mkanda kabisa. Basi kiti cha Mama kimechukua nafasi ya Mama, na mimi nikaenda mbele nikafunga mlango taratibu.

Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia Kaka. Kwangu amekuwa hivyo siku zote, anakupa kitu ili usipate pa kusemea.

30 Machi

Kwa Wifi. Baba Kasuku alikuwa amejisifu njiani kwamba upande wao hawana mambo ya kupakiana mizigo. Dada yake kampa mapazia ya madirisha yote ya Mama, ndoo yenye mfuniko, na taa ya chaji, maana "msimu wa mvua umeme hukatika, mama wa watu asikae gizani." Sikumtazama mume wangu. Yeye ndiye aliyenitazama.

"Sema basi," nikamwambia tulipofika kwenye gari.

"Niseme nini? Ni dada yangu."

1 Aprili

Kwa Shangazi. Gunia la mkaa. Gunia la viazi. Jogoo.

Shangazi amesema mvua hii itakuwa kubwa na mama yenu yuko peke yake, asihangaike kutafuta mkaa mkavu. Nilimwomba, Shangazi, gari limejaa. Akaja mwenyewe kukagua, akafungua buti, akasogeza mabegi yetu manne kwa mkono mmoja. "Kumejaa wapi?" Hilo ndilo lililonipata kwa ujanja wangu. Ningekuja na masanduku yangu ya kawaida, nafasi hiyo nani angeiona?

Jogoo amekaa miguuni pa Kasuku ndani ya kikapu. Kimya amesafiri na magoti kifuani. Kuhusu mkaa sisemi.

Na kitu kingine kimeanza kunikosesha raha. Kila kilichomo humu garini kinamwambia Mama kaa. Kiti kinasema kaa, mapazia yanasema kaa, mkaa unasema kaa msimu wote. Mimi peke yangu ndiye ninayekuja kusema toka, na nimevibeba mimi.

2 Aprili

Tumefika. Maji yalikuwa yanalamba kingo za daraja la chini. Baba Kasuku alishuka akalitazama kwanza kabla hajavuka.

Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda. Amekonda. Nilimwamkia, akanishika uso kwa mikono yote miwili, kisha akayatazama mabegi yetu manne barazani, moja moja. Kiti kilipotoka garini alikizunguka mara mbili, akakipapasa mikono. Akakaa. "Mtoto huyu," akasema. Nikajua si mimi.

3 Aprili

Mvua. Sijasema.

4 Aprili

Mvua. Nimefagia, nimefua, nimepiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Mama anakaa kwenye kiti chake mlangoni na kuangalia maji yakishuka kwenye bati, na kila anayepita anamwonyesha kiti. Baba Kasuku ametundika mapazia. Nikamuuliza anatundika ya nini. Akasema mama wa watu amemwomba, amkatalie?

Kasuku amempa jogoo jina. Hatutamla sasa.

5 Aprili

Asubuhi Mama ameweka birika jikoni, nami nikajifanya nachambua mchele. Lilipochemka akaliepua. Akanigeukia, "Umemaliza kunilinda?" Nilicheka, nikarudi kwenye mchele.

Jioni Baba Kasuku amerudi kutoka darajani, suruali imelowa magotini. Amesema kesho, au tukae hapa mpaka mvua iishe. Kaa pale, nikamwambia, usiniharakishe. "Sikuharakishi mimi," akasema, "ni mto."

6 Aprili

Naandika haya tuko garini, tumesimama kusubiri lori lililokwama mbele yetu litolewe. Niandike yote kabla sijayapamba.

Asubuhi mabegi yetu yalikuwa barazani. Nilikwenda kuchuchumaa mbele ya kile kiti. Nilikuwa na hotuba, nimeifanyia mazoezi tangu mwezi wa tatu. Nikaanza, "Mama, watoto wamekuzoea," na hapo hapo nikaona aibu kuwatanguliza watoto.

"Sema ulichokuja nacho," akaniambia.

"Twende nyumbani, Mama."

"Hapa ni wapi?"

Kasuku alikuwa anamfukuza jogoo uani, nikamsikia babake akimwita waende wakaangalie tairi, ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Mama akasema, "Nimejua tangu siku mliyoshuka. Wewe? Begi moja? Wewe ulikwenda kulala kwa rafiki yako usiku mmoja na masanduku mawili. Nikasema, huyu hakuja kutembea. Huyu kaacha nafasi. Kuna kitu anakuja kuchukua, na humu ndani cha kuchukua ni mimi tu."

Siku zote hizo alijua, akakaa kwenye kiti ananitazama nikipiga pasi vitambaa vya vyombo.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri uniulize. Kaka yako aliniuliza. Mwaka jana, na mwaka huu tena. Alikuja peke yake, akakaa hapo ulipo, akasema Mama, unaonaje ukija kwangu. Nikamkatalia. Akarudi, akanitengenezea kiti."

Hili sikulijua. Kaka hakuniambia, na mimi sikumpa nafasi ya kuniambia. Nilimwona bosi kumbe alikwishaomba, akakataliwa, akameza, akachukua randa. Nilijisikia mdogo, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

"Basi na mimi unikatalie," nikamwambia. Nilikuwa nalia, na nilikasirika kwa kuwa nalia.

Akawa anapapasa mkono wa kiti, huku na huku.

"Kaka yako aliponiuliza," akasema, "nilikuwa bado naufungua mlango wangu." Akanieleza polepole, hanitazami. Kabla hatujaja alitoka dukani, akafika nyumbani, ufunguo ukakataa. Akausukuma, akaupiga, akautukana. Akaanza kugonga ili aliyemo ndani amfungulie. Aliyefungua alikuwa jirani. Ulikuwa mlango wa jirani. "Miaka yote hii, mwanangu. Na mlango wangu una rangi nyingine." Jirani hakucheka wala hakuniambia mimi. Birika aliniambia, mlango hakuniambia.

"Naogopa," Mama akasema. Sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo. Alimzika baba pamoja nasi akiwa amenyooka.

Kisha akasimama. "Nakuja mpaka mvua ikatike. Ikikatika, utanirudisha. Usije ukanifanya mjinga."

Nikamwapia. Nikaingia kumsaidia kufunga vitu. Nilikuwa nimemwekea nusu ya buti! Akatoa begi dogo chini ya kitanda. Magauni mawili, shuka, dawa za presha, kioo cha mkono, ufunguo. Akafunga zipu. Nikamwambia, Mama, ongeza, nafasi ipo, chukua hata sufuria zako, chukua picha. Akanikata kauli. "Anayebeba nyumba nzima anahama. Mimi narudi."

Nilitamani begi lake liwe zito nishindwe kulinyanyua. Nililinyanyua kwa vidole viwili.

Kiti tumekiingiza ndani, amekifunika shuka mwenyewe na kukielekeza mlangoni. Mkaa na viazi amempa jirani. Jogoo pia, Kasuku amelia mpaka darajani. Daraja tulilivuka maji yakigusa tairi, Baba Kasuku hakupumua, wala mimi. Mama alikaa kwenye kiti cha katikati, begi magotini. Kasuku akauliza, "Kwani hiki si kiti cha upepo?" Mama akamwambia, "Upepo umeshuka, mimi nimepanda."

Lori limetoka. Tunaondoka.

9 Aprili

Nimempigia Kaka. Nilimwacha aseme. "Umemchukua mama yetu kama nguo kwenye kamba. Hata hodi." Kweli tupu. Nikamweleza habari ya mlango. Nikamsikia anapenga kamasi. Akauliza kiti kiko wapi. Nikamwambia jinsi Mama alivyokifunika na alivyokielekeza mlangoni. "Haya," akasema, "haya Kontena."

13 Aprili

Begi la Mama limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Halijafunguliwa ila kwa kutoa gauni na kurudisha gauni. Nimempa rafu nzima kabatini. Iko tupu.

18 Aprili

Mvua. Kila asubuhi anaamka, anatandika, anavaa viatu, anakaa kitandani. "Huko imekatika?" Bado, Mama.

19 Aprili

Bado, Mama.

27 Aprili

Mama amekaa nami kibandani ninapopigia pasi, anakunja soksi za wateja. Yule karani wa kola amekuja kulalamika, Mama akamtazama akamwambia, "Baba, shati hilo limechakaa shingo kabla hata ya pasi." Karani ameondoka nalo. Nimecheka siku nzima. Jioni ameniuliza karani gani.

5 Mei

Kila nikipita chumbani natazama msumari. Nikiamka natazama msumari. Baba Kasuku ameniambia nitaung'oa kwa macho.

11 Mei

Kimya amehamishia kitanda chake ukutani ili Bibi awe karibu na mlango. Hakuombwa na mtu. Nilidhani mtoto huyu haoni kitu.

20 Mei

Kaka amekuja, begi moja la mkononi. Nikamwonyesha Mama, "Angalia, na huyu amekuja kuchukua kitu." Mama akacheka, Kaka akacheka, mimi nikaenda jikoni. Aliondoka peke yake.

29 Mei

Jua, siku ya tatu. Nguo zimekauka kabla ya saa sita. Nilizianua nikiwa na hasira na jua.

30 Mei

Nimeamka na uongo umeiva mdomoni: daraja bado halipitiki. Ungefaa mpaka Juni, labda Julai. Nimeupiga pasi vizuri, hauna kunjo.

Nikaingia. Mama kitandani, ametandika, viatu miguuni. Kabla hajauliza nikasema, "Mama, imekatika. Jirani amesema daraja linapitika. Unataka turudi Jumamosi, au unataka nini? Nakuuliza."

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Leo umeniuliza," akasema. Kisha akawa anatazama mlango, muda mrefu, na mimi nikasimama kama mteja.

"Huo msumari ni wa watu warefu," akasema. "Kila nikishusha begi bega linaniuma. Mwambie mume wako agonge mwingine hapa." Akanyoosha kiganja usawa wa kifua chake.

Baba Kasuku akaja na nyundo, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu. Kasuku ndiye aliyeuliza, "Bibi, kwani huondoki?" Mama akamjibu, "Nitaondoka. Kiti changu kinanisubiri." "Lini?" "Shika msumari vizuri, babako asikugonge kidole."

Begi amelitundika mwenyewe. Zipu imefungwa, rafu bado ni tupu, na nimeona. Kisha akakaa kitandani, akavua viatu, akavisukuma chini kwa mguu, na kuniambia nimletee chai huko huko, amechoka kidogo leo.